Mvula, Sindano na Valens

Nyamitaba, 15 Septemba 2002, siku ya Mungu

Mvula imeanza leo kabla padri hajamaliza mahubiri, na padri akafupisha. Kwa hiyo mimi nasema mvula ibarikiwe.

Daftari hii nimepewa na mujukuu wangu Emérita. Alisema, "Sogokuru, andika. Bibi yako amechoka kukusikiliza." Ni kweli. Mukankusi na mimi tulioana Wabeleji wangali hapa, na kila musimu wa mvula namurudilia habari moja: kazi ya foto, unyevu, na namna unyevu unavyokula vitu vya watu wazuri. Sasa itanisikiliza karatasi. Karatasi haina pa kukimbilia.

Nilisoma mpaka darasa ya ine. Makosa yote ya maandiko ni ya mwalimu.

18 Septemba

Mvula. Maharagwe.

21 Septemba

Valens amefika! Ametoka Kibua, kule Walikale, kwa miguu, akipita porini, godoro kwenye kichwa na mufuko wa kamera chini ya koti. Kule wenye bunduki wanapigania machimbo, na kila upande unasema wenyewe njo ulifika wa kwanza. Nyumba ya Valens imechomwa. Alisimama mulangoni akivuja maji kama paa ya kanisa letu, akasema:

"Kaka, uko na nafasi ya muzee moja mubovu?"

"Nafasi iko," nikamujibu, "lakini muzee mubovu tuko naye tayari. Ingia hivyo hivyo, mutashindana."

Tulishikana pale mulangoni mpaka Mukankusi akasema tunamuharibia sakafu.

Nieleze, maana karatasi haijui kitu. Mimi na Valens tulikuwa vijana wa Muzungu moja wa pareto, hapa juu kwenye vilima. Ule Muzungu alipenda foto kuliko pareto, akatufundisha wote wawili. Mwaka wa uhuru alifunga vitu vyake na akatugawia: kila muntu kamera moja na pozimetri moja. Pozimetri njo mashini ndogo ya kupima mwanga. Unaielekeza kwa muntu, sindano inapanda, inakuambia ufungue kamera kwa namba gani. Zetu ni mapacha kabisa: mufuko ule ule wa ngozi nyeusi, namba zile zile, jicho lile lile la kioo lenye vitundu kama nyumba ya nyuki. Na hazina mapile, zile betri za tochi! Nyuma ya jicho kuna bati ndogo iliyopakwa seleniumu. Mwanga ukiigusa inazaa umeme kidogo, wa kusukuma sindano tu, hauwezi hata kumustua panya. Muzungu alisema itakaa maisha yote. Hakusema maisha ya nani.

"Yako ingali hai?" Valens ameniuliza akikula.

"Hai. Naiweka ndani ya kopo la maziwa, pamoja na muchele mukavu wa kunyonya unyevu. Na yako?"

"Yangu? Inaruka kama kijana."

Njo tukacheka. Nimefurahi leo kama mutoto.

28 Septemba

Mvula. Valens anakula vizuri, Mungu asifiwe.

6 Oktoba

Emérita ataolewa. Tarehe 23 Novemba, kijana wa Muheto, mwenye meno mengi. Watu wa Muheto walitaka kuleta mupiga foto wao, lakini mutoto alisimama mbele ya wazee na kusema, "Sogokuru wangu njo atanipiga foto. Kama si yeye, sitacheka hata mara moja." Nilijikohoza, nikatazama ng'ombe.

Sasa naandika jambo ambalo nimemuambia muntu moja tu. Macho yangu yameingia ukungu. Karibu naona: hii kalamu, hii mistari, namba za kamera. Lakini mbali, watu wote wamekuwa moshi wenye kofia. Jua likali na jua lililofunikwa, kwangu ni maziwa yale yale. Ndiyo maana bila pozimetri niko kipofu mwenye kamera. Nikiharibu foto za ndoa, Emérita ataingia kwa wakwe akiwa mutoto wa babu wa kuchekwa, na watamukumbusha kila siku atakapochoma chakula.

Nimemuambia Valens. Alinishika mukono, akasema, "Kaka, mi niko macho yako."

13 Oktoba

Sindano imekufa.

Nimeitoa kwenye kopo asubuhi, nikaielekeza mawinguni. Hakuna kitu. Nikatoka kabisa katikati ya uwanja. Ikainuka kidogo kama mulevi anayeitwa na bibi yake, ikalala tena. Nimeitukana kwa Kiswahili, kwa Kinyarwanda na kwa Kifaransa kidogo ninachokijua, ambacho chote ni matusi.

Valens alikuja akaniwekea mukono kwenye bega. "Ni mvula, kaka. Mvula ya Masisi inakula kila kitu."

Aliongea kwa huruma kabisa. Nilitaka kulia.

14 Oktoba

Nimeipima namna Muzungu alivyotufundisha. Mashini hii inakufa kwa njia chache tu, na kila njia iko na dalili yake.

Kwanza, nimeifunika jicho na kuitikisa. Sindano ikayumba na kurudi bila kukwama: basi muguu wa sindano ni muzima, hauna vumbi. Pili, inawezekana kale kapete ka shaba kanakobeba umeme kutoka kwenye bati kameota kutu ya kijani, umeme unashindwa kupita. Hiyo inapona: unafungua, unasugua kwa gome ya kufutia penseli, unakaza kidogo. Tatu, unyevu umeingia pembeni ya bati na kuinua ile ngozi nyembamba ya mbele. Hiyo haiponi vizuri. Ine, bati yenyewe imekufa kwa moto. Seleniumu haiogopi giza, haiogopi baridi, inaogopa moto. Muzungu alikuwa akipiga kelele muntu akiiacha juu ya gari juani.

Lakini yangu imepata wapi moto, ndani ya muchele?

20 Oktoba, siku ya Mungu

Nitaandika mengi leo.

Valens alikwenda Muheto kutembea. Nikamuita Mukankusi tukae mulangoni, kwenye mwanga, yeye na macho yake ya kushonea, mimi na kisu nilichonoa ncha. Nilikuwa nampa maneno, yeye anafungua viskurubu na kuviweka ndani ya kikombe.

"Kuna kapete kekundu-kekundu."

"Njo shaba. Iko na kijani?"

"Hapana. Safi."

"Sugua tu."

Akasugua. Sindano haikuamka. "Basi toa bati, Mama. Polepole kama unatoa yai chini ya kuku."

Akatoa. Halafu akanusa.

"Muzee, hii kitu inanuka moshi."

"Moshi gani?"

"Moshi ya jikoni. Na hapa pembeni kuna ganda ya haragwe." Akaigeuza, akaigeuza tena, na sauti yake ikabadilika. "Na vernis yangu iko wapi?"

Mimi nilikuwa nimesahau, lakini bibi hasahau. Mwaka Emérita hajazaliwa, hata mama yake alikuwa bado anatambaa, nilifungua pozimetri yangu na kuzibia pembeni za bati kwa vernis yake ya kucha, nyekundu, ya kwanza na ya mwisho aliyowahi kupata, ili unyevu usiingie. Niliimaliza chupa yote. Hakunisemesha mpaka Pasaka.

"Labda imetoka," nikasema.

"Ile vernis? Ilikaa kwenye kucha zangu tangu Noeli mpaka kulima. Hii bati haijapakwa kitu hata siku moja. Muzee, hii si yako."

Mvula ilikuwa inakuja kutoka upande wa pori, nasikia migomba.

Iko wazi kama maji. Kule Kibua unyevu ni mubaya kuliko hapa. Valens aliona ukungu chini ya kioo, akafanya kama tunavyofanya na mbegu: akaiweka kwenye kikapu juu ya mafiga, pamoja na maharagwe ya kupanda, ikauke. Kwa haragwe ni dawa. Kwa seleniumu ni jehanamu. Akaipika bati mpaka ikatoka madoa kama mukono wangu huu. Halafu akaja kwangu, akakula, akauliza naiweka wapi, nikamuambia mimi mwenyewe, kwa kinywa changu chenye kucheka. Akachukua nzima. Akaniwekea maiti.

"Namutoa leo," Mukankusi akasema. Alikuwa ameshika mutwangio.

"Umutoe aende wapi? Barabara ya Walikale iko na bunduki, ya chini iko na bunduki."

"Basi umuambie unajua."

"Ngoja. Aseme mwenyewe. Muntu aliyekimbia nyumba inawaka, akili yake inakaa kando kidogo. Atasema. Mumupe siku."

"Mimi simupi kitu," akasema. Lakini jioni alimuwekea sahani.

21 Oktoba

Hajasema.

22 Oktoba

Nimemuuliza mezani, "Valens, yako iko namna gani na hii mvula?"

"Inaruka kama kijana, kaka."

"Labda imeonja maji ya hapa."

Akacheka. Mimi pia nikacheka. Mukankusi akatoka inje.

25 Oktoba

Hajasema. Mvula ya mawe. Kabichi zimetobolewa.

29 Oktoba

Risasi upande wa Muheto. Watu wamepandisha ng'ombe juu. Valens alimubebea Mukankusi maji mara mbili bila kuulizwa. Nikafikiri: leo. Hajasema.

2 Novemba

Kamio ya Mama Kaswera imefika kutoka Goma, matope mpaka kwenye vioo. Yeye ni mama wa Butembo, muuzaji, Mukatoliki wa kuamka mapema. Hata vita inamuogopa kidogo. Ameniletea filimu ya Emérita, moja tu, ya foto thelathini na sita.

"Papa Kanyamibwa, hii filimu nimeificha ndani ya unga. Ukiniharibia nitakuharibia."

"Mama Kaswera, niko na shida nyingine. Uko na kalkilatrise iliyokufa? Ile ya kuhesabia, yenye kukula jua."

"Iko. Namba tatu imekataa. Unataka kuhesabu bila tatu?"

"Nataka jicho lake tu."

Alinitazama kama mugonjwa, akanipa, akanikataza nisimuambie muntu kwamba amenipa kitu bure.

4 Novemba

Tumefanya kazi, Mukankusi na mimi. Valens alikuwa mashambani. Tumetoa kile kipande cheusi kinachokula jua kwenye kalkilatrise, tumekiweka mahali pa bati iliyokufa, tumeunga nyuzi mbili nyembamba kama nywele. Bibi alishika pumzi mpaka nikaogopa kubaki mujane.

Sindano iliamka! Iliruka mpaka mwisho, ikapiga ukuta, tak. Nguvu nyingi mno. Jicho la seleniumu linaongea polepole. Hili linapiga kelele. Tumelifunika nusu kwa kipande cha karatasi iliyopakwa masizi ya sufuria, tukapunguza, tukaongeza, mpaka sindano ikawa na adabu: chini kivulini, juu juani.

Lakini namba zilizoandikwa pale ni za jicho la zamani. Sasa hazina maana. Inahitaji kuandikiwa namba mupya, na kwa hiyo inahitaji nyingine nzima ya kulinganisha nayo. Katika Masisi yote najua moja tu.

Mukankusi akasema, "Utaenda kumuomba mwizi akukopeshe mali yako."

Njo hivyo.

9 Novemba

Leo, kwenye ukuta mweupe wa kanisa. Jua na mawingu vinapokezana, siku nzuri ya kazi hii. Mimi na Valens kwenye benchi moja, kila mumoja na pozimetri ya mwenzake, na kati yetu wawili mimi peke yangu ninajua kwamba ninajua. Mukankusi alikaa kando akipepeta maharagwe.

Kabla hatujaanza nikamuambia, "Valens, umeona nilivyohangaika. Ndoa ni ya mutoto. Sikuombi kitu kingine, unipe namba za kweli tu."

Akaweka mukono kwenye kifua. "Kaka! Mi naweza kukudanganya wewe?"

Nilimuachia nafasi pale. Nafasi ya kupitisha ng'ombe na mikokoteni. Akakohoa tu, akainua pozimetri yangu.

"Anza," akasema. "Sasa hii: nane."

Nikaandika alama pale sindano iliposimama. Nane.

"Wingu imekuja. Ine."

Nikaandika.

"Inafungua tena. Nane."

Tulifanya hivyo muda murefu. Sauti yake ilikuwa ile ile ya ujana, akiniitia namba katikati ya pareto, na Muzungu akitusimamia. Nikamusamehe, naandika kweli. Nilisema moyoni: aliiba kwa sababu alibaki bila kitu, muntu wa vita ni namna hiyo. Lakini ananipa namba. Tuko ndugu bado.

10 Novemba, siku ya Mungu

Sisi si ndugu.

Nilikuwa nafurahia alama zangu mbele ya Mukankusi. Nikasema, "Jana saa sita, jua limefunguka, ukuta mweupe, ilikuwa nane."

Akaacha kushona. "Muzee, jana saa sita nilikuwa nafunga macho. Kivuli cha musalaba kwenye ukuta kilikuwa kikali kama kimekatwa na kisu."

Kwa filimu tunazotumia, tangu enzi za Muzungu, jua kamili na kivuli kikali ni kumi na sita. Haijawahi kuwa nane. Haiwezi kuwa nane. Kwenye kamera namba kubwa ni tundu dogo na namba ndogo ni tundu kubwa. Kumi na sita kufanywa nane, mwanga unaingia mara ine. Uso wa Emérita ungetoka mweupe kama unga, nguo yake karatasi tupu.

Nimetoka na bibi leo saa ile ile. Nimemuambia anyooshe mukono juu ya udongo. "Kivuli namna gani?"

"Kikali."

Kumi na sita. Alama ya Valens: nane. Tukangojea wingu nyembamba. "Sasa?"

"Kivuli kiko, lakini pembeni laini."

Kumi na moja. Alama ya Valens: tano na sehemu. Tukangojea wingu zito. "Sasa hakuna kivuli kabisa, Muzee."

Nane. Alama ya Valens: ine.

Ananidanganya kwa kipimo sawa kila mahali, hatua mbili chini (kumi na sita, kumi na moja, nane), bila kukosea hata mara moja. Mupiga foto muzuri kweli.

Kuiba, nilielewa. Njaa inaweza kuiba, woga unaweza kuiba. Lakini jana hakuwa na njaa, alikuwa amekula ugali wangu. Alikaa juani, karibu nami mpaka nasikia tumbaku yake, na kila mara aliangalia kweli, akaihesabu, akaipunguza, ndipo akaniita kaka.

Nimefuta alama zake zote. Tumeandika mupya kwa kivuli cha mukono wa Mukankusi. Hatutamuambia.

13 Novemba

Mvula. Hajasema. Sasa sitaki aseme.

16 Novemba

Emérita amekuja na macho mekundu. Watu wa Muheto wataleta mupiga foto wao pamoja nami, "kwa usalama". Wameambiwa sogokuru haoni mbali.

"Nani aliwaambia?"

"Hawakusema, Sogokuru. Ni kweli?"

"Nakuona wewe vizuri sana. Umekonda."

"Na mupiga foto wao ni Papa Valens."

Kwa hiyo yale matembezi ya Muheto. Yule alisema yuko macho yangu. Aliyachukua macho yangu, akaenda kuyauza kwa wakwe wa mutoto wangu. Nimekaa hapa na kalamu na hata tusi halikuji. Kwangu hiyo ni ugonjwa.

19 Novemba

Imenyesha bila kukatika. Kila kitu kina ukungu, hata chumvi.

Mukankusi ameingia akitembea kama paka. "Muzee, kuna kitu jikoni kwenye kikapu cha mbegu, juu ya mafiga. Imefungwa ndani ya kitambaa."

"Tangu lini?"

"Sijui. Nimewasha moto wa maharagwe tangu asubuhi."

Nilifahamu. Valens ameona mvuke chini ya kioo, akafanya ile dawa yake. Hajajifunza, kwa sababu mpaka leo anafikiri ya kwanza iliuawa na mvula.

Nilisimama kwenda kuitoa. Njo pozimetri yangu ile, yenye vernis nyekundu, mali ya bibi na mimi. Nilifika mulangoni kwa jikoni. Moto ulikuwa mukubwa, sufuria inachemuka, kikapu kinafuka. Ilikuwa tayari imeiva. Na kama ingekuwa bado, ningemuambia Valens nini? Kwamba nimetunza mali yake?

Nikarudi kukaa. Nimeiacha.

23 Novemba

Ndoa.

Mvula ilituachia tangu saa tatu. Misa imekwisha, watu wakatoka mbele ya kanisa, ngoma, vigelegele, na mimi naona moshi mweupe mwenye furaha: njo Emérita. Mukankusi alisimama karibu nami amevaa kitenge kipya. Mara kwa mara alinyoosha mukono mbele yake kama anaitengeneza nguo, na kunong'ona, "Laini. Laini. Hakuna." Mimi naangalia na sindano yangu ya kalkilatrise. Vilisema kitu kimoja, bibi na sindano. Katika ndoa yangu hii haijawahi kutokea.

Valens alikuwa upande wa Muheto na kamera yake, koti la kuazima. Macho anayo, lakini tangu ujana anaamini sindano tu. Nikasikia anatikisa pozimetri. Anaigongagonga. Anaielekeza juu, anaielekeza chini. Halafu nikasikia tumbaku yake kando yangu.

"Kaka," sauti ndogo, "kwako inasema ngapi?"

Fikiri kidogo, karatasi. Wakwe wako pale. Ningeweza kusema chochote. Ningeweza kusema ishirini na mbili, au kusema kwa sauti mbele ya wote nani alimuibia nani. Nilimugeukia, nikamuambia kweli.

"Nane."

Nilimusikia akifikiri, mimi namujua namna anavyofikiri, anavuta pumzi kwa pua. Alikuwa anasema moyoni: namba za alama zake nilimupa mimi, ziko hatua mbili chini, akisema nane, basi kweli ni kumi na sita.

"Aksanti, kaka," akasema.

Na nikasikia pete ya kamera yake ikigeuka: tik, tik.

Nilimuambia kweli. Mbele ya Mungu na watu wa Muheto nilimuambia kweli, na sikuona sababu ya kuongeza maneno.

27 Novemba

Mama Kaswera ameteremka na filimu zote mbili, yangu na ya Valens, kwa studio ya Goma. Mvula inapunguka.

14 Desemba

Foto zimerudi. Watu wa Muheto walikuja nyumbani kwetu wote kuziangalia, na Mama Kaswera akasimamia kama hakimu.

Zangu: nimezisogeza karibu na pua, moja moja. Emérita anacheka. Nguo yake iko na mistari yake yote, hata ule mushono ambao Mukankusi aliurudilia mara tatu. Kijana wa Muheto na meno yake, yote, nimehesabu mpaka nikachoka. Mama mukwe akamukumbatia Emérita, akasema, "Nani alisema huyu muzee haoni?"



Ndipo wakafungua za Valens. Giza. Watu kama miti saa ya magaribi, nyuso hazina macho, bibi arusi kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Watu wa Muheto walicheka kwanza, halafu wakaacha kucheka, na hapo njo palikuwa pabaya zaidi.

Valens alishika foto moja muda murefu. Nilijua anahesabu. Nane, kumi na sita. Hatua mbili. Akainua kichwa kunitazama, na hata mimi na ukungu wangu niliona amefika pale. Amefahamu kwamba nilimuambia kweli. Na kama alama zilikuwa kweli, nilikuwa nimezitengeneza. Na kama nilizitengeneza, nilijua. Na kama nilijua, nilijua siku zote hizo, mezani, nikimupitishia chumvi.

Akafungua kinywa. Nikangojea. Nilikuwa tayari hata wakati ule kusikia neno moja.

Akasema, "Mvula ya mwaka huu ilikuwa mubaya," akaweka foto chini.

16 Desemba

Valens ameondoka asubuhi. Barabara ya Walikale imefunguka, watu wanasema. Godoro kwenye kichwa. Mukankusi alimufungia viazi, sijui kwa nini, na yeye pia hajui.

Leo nzima nimekuwa nacheka peke yangu, halafu naacha. Mwizi aliyeharibiwa na kweli, kwa sababu alikuwa na hakika ni uongo wake mwenyewe! Ni muzaha muzuri kuliko yote ya maisha yangu. Nimejaribu kumueleza Emérita, amesema, "Sogokuru, sielewi habari za namba." Mama Kaswera amesema, "Kwa hiyo ulimusaidia?" Mukankusi anauelewa, lakini haumuchekeshi.

Unahitaji muntu aliyejifunza kamera kwa Muzungu yule yule, anayejua hatua mbili ni nini na mikono yangu ni namna gani. Angeanguka chini kwa kucheka, angenipiga mugongoni, angesema, "Kaka, wewe ni shetani!" Yuko mumoja tu kama huyo, na saa hii yuko mbali, kwenye njia ya Kibua.

Mvula imekatika.